Dhahabu Yetu Ituzalie Maarifa

DHAHABU ya Geita na Kahama tumezoea kuipima kwa wakia na kwa fedha za kigeni. Wakati umefika wa kuipima pia kwa maarifa.

Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba oksaidi ya titani ikiwekwa majini na kumulikwa, huweza kusaidia kuyatenganisha maji yakatoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni nishati isiyo na moshi, na ni mali ghafi ya mbolea. Hata hivyo, hadi leo sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe.

Vikwazo vya njia hiyo ya jua ni viwili. Kwanza, oksaidi ya titani hutumia mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Pili, elektroni zinazoamshwa na mwanga hurudi mahali pake kabla ya kufanya kazi. Hapo ndipo dhahabu na platinamu zinapohitajika. Chembe zake zikipachikwa juu ya oksaidi hiyo huzidaka elektroni na kuzipeleka kwenye maji. Na zile za dhahabu hunasa pia mwanga unaoonekana kwa macho.

Wala haihitajiki dhahabu nyingi. Gramu moja iliyo mchemraba ina uso usiozidi sentimita moja ya mraba. Ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 10, yaani milimita iliyokatwa mara 100,000, uso wake hufikia takriban mita za mraba 30.

Hatusemi kwamba kesho Shinyanga itawaka taa kwa haidrojeni. Jaribio la mita za mraba 100 lililotangazwa Japani mwaka 2021 lilivuna chini ya asilimia 1 ya nishati ya jua. Lakini kazi ambayo hakuna aliyeimaliza ndiyo ambayo taifa changa linaweza kujiunga nayo.

Sheria ya mwaka 2017 iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, soko la madini la Geita la mwaka 2019, na kiwanda cha kusafishia dhahabu kilichofunguliwa Mwanza mwaka 2021, ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, mche wa dhahabu safi unaouzwa nje bado ni mali ghafi mikononi mwa anayejua matumizi yake. Na migodi ina mwisho: ule wa Buzwagi, Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, umekwisha kufungwa.

Kwa hiyo tunashauri sehemu ya mrabaha itengwe kwa maabara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na shule za sekondari za ukanda wa dhahabu. Watumishi wa Serikali wanaopanga bajeti wasiihesabu maabara kuwa anasa. Nao walimu wa kemia wawaonyeshe vijana kwamba madini yaliyo chini ya miguu yao ni somo, si mshahara wa mchimbaji tu.

Kupanga ni kuchagua. Dhahabu itakwisha, maarifa tukiyapanda leo hayatakwisha.