Walimu wapewe ufunguo wa mtandao wao

Muhula uliopita ulipokuwa ukielekea ukingoni nilitoka Kitui, ninakofundisha isimu, nikavuka Mto Athi na kupanda hadi vilima vya Mbooni katika kaunti ya Makueni. Nilikuwa nimealikwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya umma yenye wanafunzi wa gredi ya kwanza hadi ya tisa. Nilimfundisha mwalimu huyo miaka mingi iliyopita, naye hajaacha kuniita Daktari hata tunapokula muthokoi jikoni kwake. Nilipofika nilikuta nusu ya walimu wake hawamo afisini. Walikuwa juu ya jabali lililo nyuma ya ghala, simu mikononi, wakitafuta mawimbi. Alama za tathmini zilitakiwa ziwe zimeingizwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) kabla ya saa sita usiku.

Yeyote angedhani kwamba shule hiyo haina mtandao. La hasha. Ukutani mwa afisi palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kililetwa na mradi mmoja wa umma, kikafungwa na mwanakandarasi aliyekuja mara moja tu na ambaye hajaonekana tena. Cha pili kilinunuliwa na wazazi, nacho hutumia kadi ya simu na bando la kila mwezi. Kila kimoja kilitoa waifai yake, yenye jina lake na nywila yake.

"Daktari," mwenyeji wangu akaniambia, "tatizo letu si kukosa mtandao. Tunayo miwili. Ila huu ukilala hatujui umelala, na ule ukiamka hatujui umeamka."

Sijasikia maelezo mafupi na sahihi zaidi kuhusu hali ya shule nyingi za Kitui na Makueni. Wakubwa wetu wanapozungumzia mtandao mashambani huuliza swali moja: upo au haupo? Swali hilo limepitwa na wakati katika sehemu nyingi. Swali la sasa ni kama anayeutumia anaweza kuhama kutoka mtandao uliokufa hadi ulio hai, upesi, pasipo kumwita mtu kutoka Nairobi.

Uzito wa jambo lenyewe ni huu. Katika mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 ya matokeo ya mtoto hutokana na tathmini alizofanya shuleni katika gredi ya saba na ya nane, na asilimia 20 nyingine hutokana na KPSEA aliyoifanya gredi ya sita. Alama hizo za shuleni hupitia mtandaoni. Fauka ya hayo, tangu mfumo wa NEMIS uanze mwaka 2017, na sasa mrithi wake KEMIS, mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika mfumo ni kama hayupo pale fedha za serikali za kila mwanafunzi zinapogawanywa. Mwalimu aliyepanda jabali jioni ile alikuwa amebeba matokeo ya watoto wa watu na fedha za chaki pamoja.

Siku ya pili akaja kijana mmoja fundi, mhitimu wa chuo cha anuwai, akiwa na ruta ndogo mfukoni. (Wenzangu wa istilahi wataniwia radhi. Enzi za mjadala wa tarakilishi na kompyuta nilikuwa mwanafunzi, na nikalishuhudia neno mdahalishi likizaliwa vitabuni na kufa kabla halijafika sokoni. Muuza duka wa Wote husema ruta, nami nasema ruta.) Kazi ya chombo hicho ni rahisi kueleza. Ruta ya tatu huunganishwa na zile waifai mbili kama ambavyo simu ingeunganishwa, kisha yenyewe hutoa waifai moja mpya, na hiyo ndiyo walimu wote hutumia. Ndani yake mna orodha ya mitandao inayoijua, nywila zao, na mpangilio wa upi utangulie. Mtandao wa kwanza ukifa, ruta huhamia wa pili. Mwalimu anayeandika alama haambiwi lolote wala hagusi chochote, ila pengine ukurasa ukichelewa kidogo atalazimika kuufungua upya.

Fundi wetu alitumia programu huria iitwayo OpenWrt, ambayo ilianza mwaka 2004 kutokana na programu ya ruta za Linksys. Ina nyongeza kadhaa za kazi hii, mojawapo ikiitwa Travelmate, iliyoundwa kwa wasafiri wanaohama kutoka waifai ya hoteli moja hadi nyingine. Nilistaajabu kwamba mwalimu wa Mbooni, ambaye hajahama afisi yake kwa miaka kadha, ana mahitaji sawa na ya msafiri.

Jioni ya kwanza mpango wetu haukufaulu, na sababu yake yafaa ijulikane na kila mwalimu atakayejaribu. Fundi aliielekeza ruta ichague waifai yenye mawimbi yenye nguvu zaidi. Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, nazo huandikwa kwa hasi: hasi 50 ni nzuri, hasi 80 ni ya kubahatisha. Kisanduku cha mradi kilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ruta, kwa hiyo mawimbi yake yalikuwa ya kupendeza mno, na taa yake ilikuwa ya kijani. Ruta yetu ikakishikilia kama kupe. Kumbe nyuma ya kisanduku hicho hapakuwa na kitu. Njia ilikuwa imekatika mahali fulani nje ya shule. Mawimbi ya waifai hukuonyesha tu kwamba umefika mlangoni. Hayakwambii kama ndani mna mtu.

Ndipo tukabadilisha kigezo. Badala ya kuuliza "nani ana nguvu?" ruta ikaagizwa iulize "nani anaitika?" Kila baada ya sekunde kadha hutuma ujumbe mdogo kwenye anwani ya mbali inayojulikana kuwa haikosi kujibu, kisha husubiri. Ikikosa jibu mara tatu mfululizo, huhama. Kurudi hakufanywi kwa pupa: hungoja mtandao wa kwanza uitike mara nyingi kwanza, la sivyo itakuwa ikirukaruka kati ya miwili kila dakika, na kila ikiruka mawasiliano ya walimu yanakatika. Kuna na mtego mwingine. Baadhi ya waifai za umma sokoni hukuletea kwanza ukurasa wa kukubali masharti. Mwanadamu hubonyeza na kupita, lakini ruta hubaki hapo imeduwaa, huku ikidhani imeunganishwa.

Asubuhi ya tatu mwalimu mkuu alinipigia simu kwa sauti ya msiba. Bando la mwezi mzima lilikuwa limekwisha usiku mmoja. Ruta ilihama kama ilivyoagizwa, simu za walimu zikaona waifai imara, zikaanza kujipakulia programu mpya na picha za harusi za jamaa. Kuhama kimyakimya kuna gharama yake. Ikabidi fundi arudi kuweka kikomo: ruta ikiwa kwenye mtandao wa kulipiwa, tovuti za kazi zipite, mengineyo yasubiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mpango huu wa ruta ya tatu, pamoja na werevu wake, ni wa kuzunguka mbuyu. Ruta ndogo yenye redio moja, ikipokea waifai na kuitoa upya kwa redio ile ile, hupoteza takriban nusu ya kasi yake, kwa kuwa haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Njia bora ni waya: kisanduku cha mradi kiunganishwe moja kwa moja, au chenyewe kiagizwe kutumia kadi ya simu njia kuu inapokufa. Visanduku vingi vya siku hizi vina uwezo huo. Tulipotaka kufanya hivyo tuligundua kwamba tundu la waya limefungwa kwa mipangilio ya ndani, na nywila ya kuifikia mipangilio hiyo haimo shuleni. Anayo mwanakandarasi. Shule ilipewa nywila ya kutumia waifai, haikupewa nywila ya kuitawala.

Hapo ndipo mimi na watunga sera tunapoachana. Mwaka 2022 serikali iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya bure kwa umma. Sina ugomvi na ahadi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba kituo huhesabiwa siku kinapofungwa ukutani na taa yake kuwaka kijani, yaani kwa kigezo kile kile kilichotushinda jioni ya kwanza. Hakuna anayetuma ule ujumbe mdogo kuuliza kama kinaitika.

Makueni ina kila sababu ya kuuliza. Faiba inayotoka kwenye kebo za baharini Mombasa kuelekea Nairobi huandamana na barabara kuu, hivyo hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, miji ya kaunti hiyo. Konza, mji wa teknolojia ambao ujenzi wake ulizinduliwa Januari 2013, uko Malili, katika kaunti hiyo hiyo, nao una kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data. Panda Mbooni au Kilungu, ukitazama bonde, na maelezo hayo yanakuwa kama habari za nchi nyingine. Kitui nako tatizo ni masafa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, na kampuni ya simu haioni faida ya kusimika mlingoti, ule ambao wanakijiji huuita busta, kwa ajili ya boma chache zilizotawanyika nyuma ya uwanda wa juu wa Yatta. Tangu Julai 2023 pamekuwapo pia huduma ya setilaiti ya Starlink. Kwa shule iliyo Mutitu huenda hiyo ndiyo njia ya pili, bora karo isiwe ndiyo ya kuilipia.

Wakuu wa nchi wanajua vyema thamani ya njia ya pili, kwa kuwa wao wenyewe huitumia. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukawa wa kobe Afrika Mashariki nzima. Haukuzimika kabisa nchini Kenya, maadamu mawasiliano yalihamishiwa kwenye kebo zilizosalia. Hakuna mhandisi aliyehitaji kupanda jabali. Ikiwa taifa halikubali kuning'inia kwenye uzi mmoja, kwa nini shule ining'inizwe?

Ila njia mbili ziwe mbili kweli. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Ruta yenye akili hata vipi haina pa kuhamia ikiwa yenyewe haina umeme, au ikiwa mitandao yote miwili hutegemea mlingoti mmoja ambao betri zake zimekwisha. Katika shule niliyoitembelea, paneli ndogo ya jua na betri ya pikipiki ndizo huwasha ruta ya tatu. Hilo nalo lilikuwa wazo la yule kijana. Mimi nilishikilia ngazi tu.

Kama mwanaisimu siwezi kukosa kuona kinaya kilichopo. Mtoto wa Mbooni huhama kutoka Kikamba hadi Kiswahili hadi Kiingereza katika sentensi moja, akifuata yule anayemwitikia, wala haombi nywila kwa mtu. Zamani shule zetu zilimvika kipande cha mbao shingoni kwa kosa hilo. Walimu wale wale sasa wamewekewa chombo ambacho kimenyimwa ruhusa ya kuhama.

Ninachoomba Wizara ya Elimu, kaunti zote mbili na wasimamizi wa miradi ya mtandao ni kidogo na hakihitaji bajeti ya ziada. Mkataba wa kuweka mtandao shuleni uwe na sharti kwamba nywila ya kuutawala ikabidhiwe mwalimu mkuu kwa maandishi, kama anavyokabidhiwa funguo za maabara. Kisanduku kiweze kupokea njia ya pili, iwe ya simu au ya setilaiti. Mwanakandarasi alipwe fungu la mwisho baada ya kituo kuitika kwa muhula mzima, si baada ya kupigwa picha. Wapo watakaosema walimu wataharibu mipangilio. Yamkini. Lakini kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kiko nyuma ya kila ruta, na mwalimu anayeaminiwa na karatasi za mtihani wa kitaifa anaweza kuaminiwa na kisanduku.

Usiku ule wa kwanza alama zilifika KNEC saa tano na dakika arobaini, kutoka jabalini, kwa simu ya naibu wa mwalimu mkuu. Juma lililofuata mwenyeji wangu alimwandikia mwanakandarasi barua ya kuomba nywila, nakala kwa afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hadi ninapoandika haya hajajibiwa. Kisanduku kingali ukutani, taa yake kijani.