Hojaji na Lelemama: Juu ya Kuwapima Vijana wa Mombasa kwa Sanaa za Maonyesho

Imekuwa desturi kwamba mradi wa maonyesho unaowahusisha vijana ufungwe kwa hojaji. Kijana huulizwa kabla ya mazoezi, na akaulizwa tena baada yake, iwapo anajiamini na iwapo anaweza kusema mbele ya watu. Tofauti ya majibu hayo ndiyo huitwa ukuaji wa nafsi. Hojaji ya aina hii ifikapo kisiwani Mombasa, hususan katika Mji wa Kale, kasoro zake hudhihirika.

Kasoro ya kwanza ni ya lugha. Neno "kujiamini" hubebeshwa mzigo wote, ilhali Kiswahili hutenga ujasiri na ufidhuli, haya na woga. Msichana wa Kibokoni aliyejifunza jukwaani kuyapima maneno yake, akajua lini aseme na lini anyamaze, amekua. Hojaji itamwona amedumaa. Mvulana aliyejifunza kupayuka atapata alama zote.

Kasoro ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya wakati. Utafiti wa Margaret Strobel kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, unatoa ushahidi ambao watungaji wa hojaji hawana budi kuujibu. Vyama vya lelemama vilikuwa vyama vya ngoma, vyenye sare, vyeo na ushindani mkali. Humo wanawake walijifunza kukusanya fedha, kuongoza wenzao na kupanga shughuli za hadhara. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ujuzi huo, pamoja na uhasama wake, ulijitokeza katika jumuiya mpya za wanawake zilizoshughulikia elimu na maendeleo. Je, ni hojaji gani ya wiki tatu ambayo ingeliyaona hayo? Aliyeulizwa usiku wa ngoma angelijibu kwamba alikuja kucheza na kuwashinda wapinzani, na jibu lake lingelikuwa la kweli.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kudai kuwa sanaa haipimiki. Dai hilo nalo ni la kukataliwa, kwani humwachia mkufunzi uhuru wa kujisifu bila ya kuulizwa. Lelemama yenyewe ilikuwa na mizani yake: mtaa uliona nani amepanda na nani amebaki. Mizani hiyo haikuwa safi, maana karamu na fedha zilisaidia kununua cheo. Lakini ilikuwa mikononi mwa watu walioishi na mchezaji mwaka mzima. Mwamuzi wa tamasha la drama la shule, lililoanza nchini Kenya mwaka 1959, hana nafasi hiyo. Yeye huitunza tamthilia alama, na kikombe huenda shuleni. Mwanafunzi mwenyewe hamjui.

Njia ya tatu ipo, wala si ya kubuniwa. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwataka wasichana wa sekondari wayachambue matatizo yao wenyewe, wayaigize, kisha wayafuatilie kwa vitendo kupitia vilabu vyao. Katika utaratibu huo, swali la haki huielekea shule: imebadilika nini baada ya wasichana kusema?

Mtafiti wa Mombasa na aulize vivyo hivyo. Arudi Kibokoni au Kuze baada ya mwaka, na tena baada ya miaka mitano. Atazame nani anashika fedha za kikundi, nani anasuluhisha ugomvi, nani anawafunza wadogo, na nani aliondoka akiwa ameumizwa. Awaulize wazazi na majirani, tena kwa maneno yao. Kazi hiyo ni ndefu na wafadhili hawatapenda kuigharimia. Hata hivyo, kuita majibu ya wiki tatu ukuaji wa nafsi ni kuipima bahari kwa kata, kisha kutangaza kuwa bahari ni kata moja.