Kioo cha samaki na majaketi mangapi?

Mama mmoja hapa Bariadi kaniuliza: mwanawe anavua Lamadi, anaomba hela ya kifaa cha kuonyesha samaki. Ampe?

Mama, mtoto hachezei pesa. Kifaa hicho hutuma sauti chini ya maji; ikigonga samaki au mwamba inarudi na kuonekana kwenye kioo. Hata kina cha maji unakisoma.

Ila kabla ya kutuma hela, muulize atakifungaje. Mitumbwi mingi haina dashibodi, hivyo kioo kikazwe kwenye ubao unaomtazama anayeshika injini, akione bila kuinama. Kipokea sauti kikae nyuma, mbali kidogo na propela, maana mapovu huvuruga picha. Betri nayo iwe ya kutosha, isije ikaishia ziwani usiku taa zikazimika.

Kisha muulize: mko wangapi, na majaketi okozi ni mangapi? Kioo kinaona chini tu, upepo wa ghafla hakiuoni. Majaketi yakipungua, hela ianzie huko. Samaki wa leo akikosekana, kesho mtavua tena.