Usibadilishe transista, pima kwanza

Wadau, hili jambo nimeliona mara nyingi mno hapa bwenini, leo acha niliseme. Mtu kajiundia pedali ya gitaa, ile ya fazi inayofanya sauti ikwaruze. Anachomeka, kimya. Cha kwanza anachofanya? Anang'oa transista. Akiweka nyingine bado kimya, anahamia kwenye kapasita. Ikifika jioni njia za shaba kwenye bodi zimebanduka kwa joto la kulehemu, na pedali iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa inao minne.

Msimamo wangu ni huu: kubahatisha si ufundi. Pedali iliyokataa inaweza kukwambia inaumwa wapi, ila uiulize kwa testa.

Chukua Fuzz Face, ile ya Jimi Hendrix, iliyotoka London mwaka 1966. Wengi huanza nayo maana ni ndogo: transista 2, rezista 4, kapasita 3, nobu 2 za kuzungusha na betri ya volti 9. Basi. Ubovu utajificha wapi humo?

Anza na swichi. Ukiiweka upande wa kupitisha gitaa bila fazi na bado kimya, usiguse bodi: tafuta kwenye jeki, waya au swichi yenyewe. Gitaa likisikika, nenda kwenye umeme. Hapa wengi wananaswa. Kwenye pedali nyingi betri inawashwa na jeki ya kuingizia, yaani plagi ya gitaa ndiyo inayounganisha hasi ya betri na sakiti. Ukipima bila kuchomeka gitaa utasema umeme haufiki, kumbe hujauwasha.

Umeme upo? Pima miguu ya transista. Kama umetumia za silikoni aina ya NPN, besi ya transista ya kwanza iwe na volti 0.6 hivi, na kolekta ya transista ya pili iwe karibu nusu ya betri, kama volti 4.5. Ukikuta kolekta hiyo ina 9 kamili, transista ya pili haipitishi umeme. Ukikuta 1 hivi, inapitisha kupita kiasi. Hujang'oa kitu, na tayari unajua utafute wapi.

Na mara nyingi mchawi ni miguu. 2N3904 na BC547 zinafanana kama mapacha. Zitazame upande ulio bapa, miguu ikiwa chini: ya kwanza inasomeka emita, besi, kolekta, ya pili kolekta, besi, emita. Mchoro unataka moja, dukani umepewa nyingine, ukaiweka vilevile. Hata ubadilishe kumi, zote nzima, utaendelea kusikiliza kimya.

Halafu kuna hili. Fazi yenyewe ni mtoto wa ubovu! Kule Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins "Don't Worry" uliotoka 1961, njia moja ya mikisa iliharibika na gitaa la besi la Grady Martin likatoka linakwaruza. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuishia kutengeneza tu. Alichunguza kilichotokea, akaunda sakiti ya transista ya kutoa sauti ile, na mwaka 1962 Gibson wakaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Sasa linganisha na sisi. Kwenye praktiko sakiti ikikataa, kundi linakwenda meza ya jirani kunakili namba, ripoti inapikwa, maksi zinakuja. Aliyekaa saa mbili akaupata waya uliokatikia ndani ya plastiki anaondoka na jedwali tupu na maksi za huruma. Madesa yamejaa fomula za transista, lakini ukurasa wa "isipofanya kazi" haumo.

Najua mtasema muda hautoshi na testa ni chache. Sawa. Lakini kulipa kila kundi sakiti iliyoharibiwa makusudi, na kutoa maksi kwa anayeonyesha ubovu uko wapi na kaujuaje, hakuhitaji kifaa kipya hata kimoja. Tuanze na praktiko moja tu kwa muhula.

Maana huko mtaani, jamani, hakuna anayemletea fundi redio inayoimba. Wanaleta iliyonyamaza.

Naomba kutoa hoja.