TUSIACHE AKILI LANGONI MWA KARAKANA

Ndugu wafanyi kazi,

Wako wenzetu wanaomcheka mtu akitengeneza gari lake mwenyewe uani. Mimi simcheki. Mishahara yetu twaijua sote, na gari la zamani likiharibika halingoji mwisho wa mwezi. Lakini nina neno, na nalisema kwa kuwa nusura tuzike mtu nyumbani kwangu.

Ninayo Land Rover ya Series III, zile zilizoundwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Springi zake ni vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Bushi zilikuwa zimekwisha na gari limelala upande. Jumapili moja mimi na shemeji tukaanza kubadilisha springi za nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikainua upande mmoja kwa jeki, nikatoa gurudumu. Shemeji akaingia chini. Alipotoka kuchukua spana kubwa, gari likasogea, jeki ikaanguka, na chuma kikashuka pale pale alipokuwa amelala.

Sababu ni hii. Breki ya mkono ya gari hilo haishiki magurudumu. Inashika shafti itokayo kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lizunguke hewani, na mwenzake aliye chini huzunguka kinyume chake. Gari linakwenda, na breki umeivuta!

Nimeona aibu. Kazini siwezi kuingia chini ya behewa ambalo halikutiwa kabari. Mbona nyumbani nilimwachia shemeji yangu jeki peke yake? Bosi akitunyima vyombo vya usalama twapiga kelele, na ni haki yetu. Je, uani kwako bosi ni nani? Tena sheria ya fidia ya mwaka 2007 ni ya mtu aliyeumia katika kazi ya mwajiri wake. Ukivunjika kifua Jumapili chini ya gari lako, hasara ni ya mkeo na watoto.

Basi fanyeni hivi. Tieni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini. Chesisi ikae juu ya stendi za chuma, si juu ya matofali. Jeki ishike ekseli tu. Msichanganye springi: ya upande wa dereva imepindwa zaidi, maana upande huo una uzito mwingi. Na boliti za bushi msizikaze kabisa mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, kwani ukizikaze springi zikiwa zinaning'inia, mpira utajipinda na kuchanika upesi.

Naomba jambo moja kwa chama. Kila tawi linunue stendi nne na kabari, ziwekwe ofisini, mwanachama aazime kwa kuandika jina lake na kuzirudisha Jumatatu. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango wa matanga mamoja. Twachanga upesi mwenzetu akifa. Tuchange kabla hajafa.

Ndimi mwenzenu wa reli.