Harufu Nzuri, Kifua Kizito

Juma lililopita tulipuliza dawa ya mbu chumbani, tukafunga madirisha, kisha tukamlaza mjukuu wetu mwenye pumu. Haikupita saa, kifua kikambana. Kosa lilikuwa letu.

Mikebe hii, iwe ya mbu, ya nywele au ya kunukisha nyumba, haitoi harufu tupu. Hutoa mvuke wa kemikali na matone madogo yashukayo hadi mapafuni. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, waliofuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20, walieleza kuwa wanawake wenye kusafisha nyumba mapafu yao hudhoofika upesi kuliko wasiosafisha. Mtunza nyumba ndiye aumiaye.

Basi dada zetu, tufute kwa kitambaa na sabuni, na mbu tumkinge kwa chandarua. Ikibidi kupuliza, watu watoke. Kisha madirisha yafunguliwe, na watoto wasiingie mpaka harufu iishe. Chetezo nacho kisifungiwe chumbani, kwani udi pia ni moshi. Usafi ni ibada, na pumzi ni amana. Wallahu aalam.