Magari ya kale Meru na Embu: Hati kwanza, rangi baadaye

Anayetaka kununua gari la kale la mbio katika kaunti za Meru na Embu huanza kwa kuuliza bei na hali ya injini. Maswali hayo yana maana, lakini si ya kwanza. La kwanza ni nani mwenye gari kisheria, na la pili ni kutu imekula chuma kiasi gani. Anayeyapuuza huweza kubaki na gari linalong'aa asiloweza kulisajili kwa jina lake, ama mifupa ya gari iliyokwama gerejini mwaka baada ya mwaka.

Hamu ya magari haya ina mizizi katika eneo lenyewe. Barabara inayopita mashariki mwa Mlima Kenya, kutoka Embu hadi Meru, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizowatoa jasho madereva wa Safari Rally kabla haijatiwa lami. Ilikuwa na kona kali, mabonde ya mito na tope jekundu la mvua za Pasaka. Datsun 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Peugeot 504 ilitwaa ushindi mwaka 1975 na 1978. Baadaye Mehta aliibuka mshindi mara nne mfululizo kwa Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982.

Katika kipindi hicho hicho, bei ya kahawa ilipanda mno mwaka 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil. Fedha ziliingia katika mashamba ya Meru na Embu, na baadhi yake zikanunua magari ya aina zile zile zilizosifiwa redioni. Yaliyosalia hadi leo aghalabu yamo chini ya miti au nyuma ya ghala, magurudumu yamezama ardhini.

Gari lililotumika si la kudharauliwa. Ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda kabla yao. Siri yao ilikuwa ufundi na matayarisho, wala si upya wa gari.

Hata hivyo, mazingira ya sasa ni tofauti. Kanuni ya ubora wa magari yaliyotumika, inayosimamiwa na Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa (KEBS), huzuia kuingizwa nchini gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo mnunuzi wa kawaida hana budi kutafuta gari la kale lililomo nchini tayari. Idadi ya magari hayo haiongezeki. Kila moja linalokatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu ni pengo lisilozibika.

Hapo ndipo suala la hati linapojitokeza. Gari lenye nambari ya kabla ya mwaka 1989, mfululizo wa KAA ulipoanza, huenda lingali kwa jina la mtu aliyefariki zamani. Mwana au mjukuu hawezi kuliuza kwa maneno ya mdomo tu. Chini ya Sheria ya Urithi, familia inapaswa kwanza kupata hati ya usimamizi wa mali ya marehemu kortini, na kwa kawaida uthibitisho wake hutolewa baada ya miezi sita. Kuuza mali ya marehemu bila idhini hiyo ni kosa la jinai. Ni baada ya hapo tu ambapo Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) inaweza kubadilisha umiliki. Mnunuzi anayelipa kabla ya hatua hizo amenunua ugomvi wa ndugu.

Baada ya hati, mwili. Injini iliyokufa hufufuliwa: silinda huchongwa upya, pistoni na gasketi hubadilishwa. Chesi iliyooza ni habari nyingine. Rangi mpya huweza kuficha mashimo yaliyojazwa puti badala ya kuchomelewa bati. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kufichua udanganyifu huo, kwa kuwa haishiki penye puti nene. Sakafu, vizingiti vya milango na mahali springi zinaposhikia yachunguzwe gari likiwa limeinuliwa.

Kuna pia jambo la mafuta. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Injini nyingi za zamani ziliitegemea risasi hiyo kulinda mahali valvu zinapokalia. Anayefungua injini hana budi kumwagiza fundi atie vikalio vya chuma kigumu, la sivyo kazi itarudiwa.

Swali zito zaidi ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Mafundi waliojua kusawazisha kabureta mbili kwa sikio wanazeeka, na vijana wa jua kali wamelelewa na injini zinazosomwa kwa kompyuta. Taasisi kama Meru National Polytechnic hufunza ufundi wa magari. Zikiwaalika wazee hao wafundishe kuchonga, kuchomelea na kunyoosha bati, zitaokoa maarifa yanayofaa hata kwa pampu za maji na mashine za kahawa.

Familia zenye magari haya nazo zina wajibu. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa uzani, wala historia haina kilo. Kabla ya kumwita, ni heri warithi watafute hati ya gari, walifunike lisinyeshewe, na waanze safari ya kortini. Gari lenye karatasi kamili, hata likiwa halijiwashi, lina thamani kuliko lililopakwa rangi jana lisilo na mwenyewe.